Mafuta ya mguu wa moteri yakigeuka kama maziwa



Miezi hii maulizo mengi tunayoletewa huku pwani ya Nundu hayahusu tena mbegu wala ugonjwa wa mihogo. Yanahusu mashua. Na si ajabu. Mvua ikinyesha, barabara RN5 kati ya Baraka na Uvira inageuka matope, na gari linaweza kulala kando ya mto likingojea maji yashuke. Ndiyo maana mihogo mikavu, mahindi, karanga na bidoni za mawese zinapita ziwani. Koperative iliyofaulu kununua moteri yake imejipatia barabara yake yenyewe. Lakini barabara hiyo inabebwa na mafuta kidogo sana, karibu nusu lita kwa moteri za 40, yaliyofungwa ndani ya mguu wa moteri, pale chini kwenye elisi. Mafuta hayo wengi wetu hatuyaangalii kamwe.

Tunaandika juu ya hayo kwa sababu ya safari moja. Koperative ya pwani (wametuomba tusiitaje) ilipakia magunia ya mihogo mikavu kwenda Kalundu. Kati ya Mboko na Makobola moteri ilipiga kelele kama mawe ndani ya sufuria, kisha ikaanza kulia juu sana, na mashua ikasimama. Moteri ilikuwa inazunguka vizuri, elisi ndiyo ilikuwa haizunguki tena. Upepo wa mchana ulikuwa umeanza. Watu saba walipiga kafi karibu masaa mawili, mpaka wavuvi wa ndagala wakawatupia kamba na kuwavuta pwani. Hakuna aliyekufa, tunashukuru. Magunia ya chini yalilowa na kuota ukungu, na mnunuzi wa Uvira akayakataa.

Tulipofungua ule mguu, tulikuta uji mweupe umechanganyika na vipande vya chuma. Baharia akatuambia bila kuficha: "Papa, tulijua inavuja. Kila juma tulikuwa tunaongeza mafuta." Wamefanya hivyo msimu mzima. Na sisi pia hatuna haki ya kumcheka, maana tulikuwa tumetembelea mashua ile mara mbili, tukahesabu jile za kuokolea, tukatazama mbao na misumari, lakini mguu wa moteri hatukuufungua.

Kuongeza mafuta si kutengeneza. Pale mafuta yanapopata njia ya kutoka, maji nayo yanapata njia ya kuingia, na maji ndiyo yanaua.

Tuanze na namna kitu chenyewe kinavyofanya kazi. Kutoka kwenye kichwa cha moteri unashuka mti wa chuma uliosimama wima. Chini una pinyoni ndogo inayouma pinyoni mbili kubwa, moja ya kwenda mbele, nyingine ya kurudi nyuma, na hizo ndizo zinazozungusha mti wa elisi uliolala. Pinyoni hizo na rulma zake, yaani beringi, zinaishi ndani ya mafuta mazito. Sanduku lote limezama ziwani, kwa hiyo kila mahali chuma kinapotoka au kuingia pana mpira wa kuzuia, ule ambao mafundi wetu wanauita spi. Kuna spi kwenye mti wa elisi, kwa kawaida mbili zikifuatana. Kuna nyingine juu, chini ya pompi ya maji, mahali mti wima unapoingia. Kuna ndogo kwenye fimbo ya kubadilisha vitesi. Kuna pia pete ya mpira inayozunguka kifuniko kinachoshika mti wa elisi. Na kuna skrubu mbili za mafuta, ya chini na ya juu, kila moja na washa yake.

Watu wanatuuliza: kama mafuta yanatoka, maji yanaingiaje? Moteri ikifanya kazi, mguu unapata moto, mafuta yanavimba na kusukuma kwenda nje. Mukizima moteri pwani, mguu unapoa haraka ndani ya maji, mafuta yananywea, na mguu unavuta maji kama mtoto anavyovuta soda kwa mrija. Kila safari inapumua hivyo. Maji yakichanganyika na mafuta yanakuwa meupe kama maziwa au kama kahawa ya maziwa. Uji huo haushiki tena juu ya meno ya pinyoni, chuma kinasaga chuma, na rulma zinaota kutu usiku mashua ikiwa imefungwa.

Sasa, mbele ya kumwita fundi na kutoa pesa, mujue kwanza ni mafuta gani munayoyaona. Hapa watu wengi wanadanganyika. Moteri zetu nyingi ni zile za kuchanganya mafuta na esansi, na moshi wake unatokea katikati ya elisi. Mafuta ambayo hayakuungua yanatoka pamoja na moshi na kuacha uchafu mweusi, mwepesi, juu ya elisi na karibu yake. Yanaacha hata rangi za upinde juu ya maji. Hayo si ugonjwa wa mguu. Tumeona mtu amefungua mguu mzima juu ya uchafu huo tu, na alipourudisha ndipo ukaanza kuvuja kweli, kwa sababu alikata spi nzima akiirudisha vibaya.

Mafuta ya mguu ni mazito, yana rangi ya asali au kahawia, na yana harufu kali ya kiberiti kama yai lililooza. Mufanye hivi: mupanguse mguu wote na elisi kwa kitambaa na esansi kidogo, moteri isimame wima juu ya kigogo au meza yake, chini muweke katoni safi, na muiache ilale. Asubuhi doa kwenye katoni litawaambia kama kuna uvujaji, na mara nyingi litawaonyesha hata mahali pake. Doa chini ya elisi ni jambo moja, na doa linaloshuka kutoka juu, kwenye kiungo cha mguu, ni jambo lingine.

Asubuhi hiyo hiyo, kabla ya kutikisa moteri, mulegeze kidogo skrubu ya chini huku ya juu ikiwa bado imefungwa, na kikombe cheupe kiwe chini. Maji ni mazito kuliko mafuta, kwa hiyo kama yapo ndani na hayajachanganyika yatatoka ya kwanza. Kisha mufungue skrubu ya juu ili hewa iingie, na mafuta yote yatashuka. Rangi ya asali au kahawia, hakuna shida. Meusi yenye harufu ya kuungua, yamezeeka, yabadilishwe. Kama maziwa, maji yameingia. Mafuta safi lakini kidogo kuliko ilivyopaswa, yanavuja kwenda nje na maji yatafuata. Kwenye moteri nyingi skrubu ya chini ina sumaku. Unga laini wa chuma kama tope la kijivu juu ya sumaku ni wa kawaida, lakini vipande vinavyochoma kidole, au mafuta yanayong'aa kama samaki mdogo juani, maana yake pinyoni au rulma zinaliwa. Mashua hiyo isitoke tena hata kwa safari fupi mpaka mguu ufunguliwe.

Mukijua kwamba maji yanaingia, muanze na kitu cha bei ndogo: washa za zile skrubu mbili. Washa hizo zinabanwa mara moja tu. Kila mukifungua zinapaswa kubadilishwa, lakini sisi wote tunazirudisha zilezile, au mtu anazungusha uzi, au kipande cha sashe, na kukaza kwa nguvu zote mpaka nyuzi za skrubu zinaharibika kwenye alumini. Hapo shida ya washa imekuwa shida ya sanduku. Mununue washa kumi kwa mara moja na muziweke kwa mtunza stoo wa koperative pamoja na mbegu.

Kisha mutoe elisi. Kwanza kabisa mzime moteri, mutoe nyaya za bujia, na mhakikishe haiko kwenye vitesi, maana elisi inaweza kuzunguka na kukata vidole. Mnyooshe ile pini na kuitoa, mfungue nati, na mpange washa na vipande vyote juu ya kitambaa kwa utaratibu uleule vilivyotoka. Kama kuna simu, mpige picha. Mtazame nyuma ya elisi, pale mti unapoingia kwenye mguu. Huku kwetu, ambapo usiku ziwa limejaa taa na nyavu za ndagala, hapo ndipo tunapokuta mwizi mara nyingi: uzi wa nailoni. Uzi unajizungusha, unapata moto, unayeyuka na kusukuma mpaka unaingia chini ya mdomo wa spi na kuukata. Mara nyingine ni mwembamba hata hauonekani, mpaka mukwangue kwa kijiti. Musitumie kisu, kitauchora mti. Tangu tuone hayo, tunawaambia mabaharia wote: ukipita juu ya wavu, hata kama moteri haikusimama, siku hiyohiyo elisi itoke.

Sababu ya pili ni kugonga. Ziwa lilipopanda mwaka 2024 na kuingia kwenye nyumba za pwani ya Baraka na Uvira, visiki, kuta na nguzo vilibaki chini ya maji mahali ambapo zamani watu walitembea kwa miguu. Elisi ikigonga, mti wake unaweza kupinda kidogo sana. Mti uliopinda unaenda unapiga spi kila mzunguko, na spi mpya itakufa ndani ya juma moja. Muzungushe elisi polepole kwa mkono na mshike kijiti karibu na ncha ya mti bila kuugusa. Kama nafasi kati ya kijiti na mti inapanuka na kufinyika, mti umepinda na spi peke yake haitasaidia.

Mahali penyewe panapovuja mutapajua kwa hakika kwa kipimo cha hewa. Fundi tunayefanya naye kazi amechukua skrubu kuukuu ya juu, akaitoboa katikati na kuichomelea valvu ya baiskeli. Mafuta yakishatolewa, anafunga skrubu ya chini kwa washa mpya, anaweka chombo chake juu, na anapampu kwa pompi ya baiskeli yenye kipimo. Anaanza na hewa kidogo, kama baa 0.3, kwa sababu kuna spi inayovuja polepole kwenye hewa kidogo lakini hewa nyingi inaibana ikanyamaza. Kisha anapanda hadi 0.7. Musipite baa 1, mtasukuma nje spi ambayo ilikuwa nzima. Mungojee dakika tano. Sindano ya kipimo ikishuka, mpake povu la sabuni kila mahali, au mzamishe mguu kwenye pipa la maji, na mfuate mapovu. Huku hewa iko ndani, muzungushe mti wa elisi na ule wima, na mbadilishe vitesi mbele na nyuma, kwa maana spi nyingine inavuja tu chuma kikitembea.

Mapovu yakitokea kwenye mti wa elisi, kifuniko kinachoushika kinapaswa kutoka. Kwenye moteri nyingine kimeshikwa na boluti mbili, kwenye nyingine kuna pete kubwa inayohitaji ufunguo wake maalum. Kama ufunguo huo haupo, musipige patasi na nyundo. Mupeleke kwa aliye nao. Washa nyembamba za chuma mutakazokuta ndani zisipotee wala zisibadilishane nafasi, kwa sababu hizo ndizo zinazopima namna meno yanavyoumana.

Mbele ya kung'oa spi za zamani, mtazame midomo yake inaelekea wapi na mpige picha. Mdomo unaoangalia ndani unazuia mafuta, unaoangalia nje unazuia maji. Ukigeuza mmoja, kazi yote ni bure. Juu ya spi yenyewe kumeandikwa namba: kipenyo cha ndani, cha nje, na unene, kwa milimita. Mubebe ya zamani sokoni mulinganishe namba na mdomo, wala musinunue kwa kuangalia tu kwamba "zinafanana." Tumekuta spi za magari zimewekwa kwenye mguu wa mashua. Saizi ni ileile, lakini ilikuwa na mdomo mmoja laini uliotengenezwa kwa vumbi, na haikumaliza mwezi.

Sasa mpitishe ukucha juu ya mti, pale spi ilipokuwa imekaa. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, spi mpya ikikaa palepale itavuja. Mara nyingi inawezekana kuisukuma milimita moja au mbili zaidi ndani au kuiacha nje kidogo, ili mdomo ushike chuma ambacho hakijaliwa. Mfereji ukiwa mkubwa sana, mti unabadilishwa. Mpake grisi ya baharini kwenye midomo, na spi iingie ikiwa imenyooka, kwa kusukumwa na bomba lenye upana sawa na ukingo wake. Musiipige upande mmoja kisha mwingine. Meno ya mti muyafunge kwa sashe laini au utepe kabla ya kupitisha spi juu yake, kwani yanakata kama wembe. Na ile pete ya mpira ya kifuniko ibadilishwe palepale, hata kama inaonekana nzuri.

Mapovu yakitoka juu, ni kazi ndefu zaidi. Mguu wote unashushwa, fimbo ya vitesi inafunguliwa, pompi ya maji inatolewa, na spi iko chini yake. Kwa kuwa mumeshafika hapo, mubadilishe na mpira wa pompi yenyewe, mutaokoa kichwa cha moteri. Wakati wa kurudisha mguu, musilazimishe. Mti ukikataa kuingia juu, uzungushwe kidogo mpaka meno yakutane. Grisi ipakwe pembeni mwa meno, si kwenye ncha ya juu kabisa, maana grisi iliyofungiwa pale juu inazuia mti kufika mahali pake.

Sanduku lenyewe likiwa na ufa, tunasema kwa ufupi: gundi ya chuma ni ya kurudi nyumbani, si ya kubeba magunia. Kuchomelea alumini kunahitaji fundi anayeijua, tena mguu ukiwa mtupu kabisa.

Kujaza kunafanywa kutoka chini kwenda juu, na wengi wanafanya kinyume. Ukimimina kwa tundu la juu, hewa inabaki ndani na utadhani mguu umejaa. Muweke mrija au chupa yenye mdomo kwenye tundu la chini, mubonyeze polepole mpaka mafuta yatoke juu bila mapovu. Mufunge ya juu kwanza, hapo mafuta hayatakimbia sana, kisha mutoe mrija na mufunge ya chini haraka. Mafuta ni ya mguu, SAE 90 ya pinyoni za hipoidi au 80W-90, kulingana na kitabu cha moteri. Mafuta ya injini ya gari hayafai, wala yale ya kuchanganya na esansi. Kama mguu ulikuwa na uji mweupe, mafuta ya kwanza ni ya kuosha: mujaze, mtembeze moteri dakika chache ndani ya maji bila mzigo, myamwage na mujaze mapya.

Swali tulilopewa Swima: kama spi haipo na soko ni kesho? Kama mafuta ni meupe lakini hakuna chuma ndani, mubadilishe mafuta yote, mwende kando ya pwani, mzigo uwe nusu, na jioni mubadilishe tena. Kuvuka ziwa kwenda Kigoma na moteri hiyo, hapana. Na muchukue makafi ya kutosha watu wote, si mawili ya kuonyesha askari bandarini.

Mafuta ya zamani yamwagwe kwenye bidoni yenye alama na kifuniko. Pwani ileile mashua inapotengenezwa ndipo akina mama wanaloweka mihogo na kuteka maji ya nyumba, na kikombe kimoja cha mafuta haya kinatosha kuharibu mihogo ya familia kadhaa. Kazi ifanywe mbali na hapo, juu ya hema kuukuu.

Mashua ya ile koperative imerudi majini, na pinyoni na rulma zimeligharimu kundi faida ya karibu msimu mzima. Spi mbili walizozikosa zingenunuliwa kwa bei ya kuuza kuku. Sasa daftari la moteri linakaa kwa mwekahazina: tarehe ya vidanji, rangi ya mafuta, nani alifungua. Nyuma ya safari ya kwanza walilegeza skrubu ya chini mbele yetu, na tone lililotoka lilikuwa la asali. Nyuma ya safari ya tatu lilikuwa limepauka kidogo. Tumewaambia wasingoje. Spi za elisi ni mpya, kwa hiyo juma hili tunashusha mguu kutazama ile ya juu.